Brecht au Borchert: tamthilia ipi ya Kijerumani ya kupinga vita uisome?

Anayetafuta tamthilia moja ya Kijerumani inayopinga vita, iwe kwa darasa la lugha, kikundi cha maigizo au tasnifu ya chuo, mara nyingi hubaki na vitabu viwili mkononi. Cha kwanza ni *Mutter Courage und ihre Kinder* (Mama Courage na Wanawe) cha Bertolt Brecht. Cha pili ni *Draußen vor der Tür* (Nje Mlangoni) cha Wolfgang Borchert. Wengi humchagua Brecht kwa kuwa jina lake ni kubwa, au Borchert kwa kuwa kitabu chake ni chembamba, na sababu zote mbili ni dhaifu. La kupima ni kazi ambayo kila kitabu kinamdai msomaji. Brecht anakudai upige hesabu: nani ameuza nini, kwa bei gani, na nani amekufa wakati bei ikijadiliwa. Borchert anakudai usikilize: nani anacheka, nani anarudia neno, nani anafunga mlango kwa sauti ya upole. Ukimsoma Brecht bila hesabu, utatoka na hadithi ya mama mwenye mikosi. Ukimsoma Borchert bila sikio, utatoka na manung'uniko ya askari mmoja.

| | Borchert | Brecht |
|---|---|---|
| Kuandikwa | kati ya vuli ya 1946 na Januari 1947, Hamburg | 1939, uhamishoni Sweden |
| Kufika kwa hadhira | redioni 13 Februari 1947. Jukwaani 21 Novemba 1947, Hamburg | 19 Aprili 1941, Zürich |
| Vita vinavyohusika | Vita vya Pili vya Dunia, baada ya kushindwa | Vita vya Miaka Thelathini, kuanzia 1624 hadi 1636 |
| Muundo | utangulizi, ndoto, maonyesho 5 | maonyesho 12 yenye nyimbo |
| Urefu | kurasa 50 hivi | kurasa 100 na kitu |
| Kijerumani kinachohitajika (ngazi za Ulaya, A1 ya chini hadi C2 ya juu) | B1 iliyokomaa | B2 iliyokomaa, na msamiati wa ziada |

Lugha: hapa ndipo wengi hukosea kuchagua

Borchert anaandika kwa sentensi fupi. Vishazi tegemezi ni vichache, takriri ni nyingi, na maneno ni ya kila siku: mlango, njaa, baridi, mguu, barabara, mto. Msomaji wa B1 anaweza kusoma ukurasa mzima bila kufungua kamusi zaidi ya mara tano au sita. Maneno magumu ni ya kijeshi na ya wakati ule: Unteroffizier (cheo cha chini ya afisa; Beckmann, mhusika mkuu, alikuwa nacho), Oberst (kanali), Trümmer (vifusi), Gasmaskenbrille (miwani iliyotengenezwa ivaliwe ndani ya barakoa ya gesi). Orodha ya maneno 25 inatosha kuanzia.

Ugumu wake umejificha kwenye toni. Bi Kramer, anayemfungulia Beckmann mlango wa nyumba iliyokuwa ya wazazi wake, anaelezwa kwenye maelekezo ya jukwaa kama mtu mwenye urafiki laini unaotisha kuliko ukatili wenyewe. Anazungumza Kijerumani cha mtaani, kwa uchangamfu, na katika uchangamfu huohuo anaeleza jinsi wazee wa Beckmann walivyojiua kwa gesi ya jikoni. Kinachomsikitisha ni gesi iliyopotea, ambayo ingetosha kupikia mwezi mzima. Mwanafunzi anayetafsiri neno kwa neno hupata habari yote na kukosa kinaya chote. Ndiyo maana tamthilia hii husomwa kwa sauti tangu siku ya kwanza. Ikisomwa kimya, nusu ya maana hupotea. Ilivuma kwanza kama mchezo wa redio.

Brecht ni habari nyingine. Kijerumani cha Courage ni cha kubuniwa. Mwandishi, mzaliwa wa Augsburg, alichanganya ladha ya lahaja za kusini, maneno ya karne ya 17 na sentensi zilizopinduliwa makusudi ili zisikike za kale na za mtaani kwa pamoja. Irabu *e* huangushwa (*gefahrn* badala ya *gefahren*), *wo* hutumika kama kirejeshi, na methali hugeuzwa kichwa chini miguu juu. Aliyefundishwa sarufi sanifu tu atadhani kitabu kimejaa makosa ya chapa. Kabla ya onyesho la 1, mpe kila msomaji orodha ya maneno kama 40 ya kazi na vyeo: Marketenderin (mchuuzi anayefuata jeshi), Werber (anayesajili askari), Feldprediger (kasisi wa jeshi), Zahlmeister (mweka hazina wa kikosi), Schnalle (bizimu ya mkanda), Kapaun (jogoo aliyehasiwa). Bila orodha hiyo, darasa huishia kutafuta maneno na kusahau biashara inayoendelea mbele ya macho yao, ilhali biashara hiyo ndiyo tamthilia yenyewe.

Kama lengo lako la kwanza ni kukuza Kijerumani, chukua Borchert bila kusita. Atakayesoma kwa tafsiri asiufanye ugumu huu kuwa kigezo, ila achunguze tafsiri aliyonayo. Kwa Kiingereza, Courage imepitia mikono mingi, na matoleo ya David Hare (1995) na Tony Kushner (2006) yalitayarishwa kwa ajili ya jukwaa. Yanafaa kuigizwa, lakini hayafai kwa insha inayochambua mstari kwa mstari.

Hesabu za Courage

Anna Fierling, maarufu kwa jina la Courage, anazunguka na mkokoteni wenye turubai akiwauzia askari pombe, mikanda na mikate. Ana wana wawili, Eilif na Schweizerkas, na binti bubu, Kattrin. Sifa ya ushujaa iliyompa jina aliipata Riga, alipopita katikati ya mizinga na mikate hamsini iliyokuwa imeanza kuota ukungu. Aliogopa hasara kuliko kifo. Nia yake ni kula kwa vita bila kuvilipa, na mwisho wa onyesho la 1 sajenti anamtabiria kwamba anayetaka kuishi kwa vita hana budi kuvipa chochote.

Njia bora ya kuisoma ni kuchora safu tatu: onyesho, bidhaa, hasara. Katika onyesho la 1 anashughulika kumuuzia sajenti bizimu, na nyuma ya mkokoteni msajili anaondoka na Eilif. Katika onyesho la 5, baada ya Magdeburg kuanguka, anakataa mashati ya maafisa yasichanwe kufungia majeruhi, mpaka kasisi anayachukua kwa nguvu. Onyesho la 6 anamtuma Kattrin mjini kuchukua bidhaa, na binti anarudi na jeraha litakalomwachia kovu usoni. Onyesho la 8 amani imetangazwa, naye amekimbilia sokoni kuuza kabla bei hazijaporomoka. Eilif analetwa chini ya ulinzi kumuaga, hamkuti, na anapelekwa kuuawa. Onyesho la 11 yuko Halle akinunua kwa bei ya chini mali za watu wanaotoroka. Kattrin yu nje ya mji, juu ya paa, anapiga ngoma kuwaamsha wakazi waliolala, na anapigwa risasi.

Onyesho la 3 ndilo la kukaa nalo muda mrefu zaidi. Schweizerkas, mweka hazina wa kikosi cha Kifini, amekamatwa na Wakatoliki kwa kuficha sanduku la mishahara. Anaweza kukombolewa kwa guldeni 200. Courage hana taslimu, lakini Yvette, kahaba wa kambini aliyejipatia kanali mzee mwenye fedha, anautaka mkokoteni. Courage anakubali kuuweka rehani tu, kwa kuwa anatumaini fedha za kwenye sanduku zitamsaidia kuukomboa. Kisha inakuja habari kwamba kijana amelitupa sanduku mtoni. Hesabu inageuka papo hapo: akitoa 200 zote, yeye na Kattrin hawatabaki na mtaji. Anatuma 120. Zinakataliwa. Anapokubali kutoa zote, ngoma zimekwisha kulia. Lake ni moja tu: anadhani amejadili bei muda mrefu mno. Maiti inaletwa ili aitambue, naye anatikisa kichwa mara mbili, kwa sababu akimkubali mwanawe atashikwa na yeye.

Fanya darasa liandike tarakimu hizo ubaoni: 200, 120, 80. Anayeuliza "80 ni za nini?" ameanza kumwelewa Brecht. Ni za kununulia bidhaa chache na kuanza upya. Si roho mbaya, na ugumu uko hapo: kila uamuzi wa Courage una mantiki ya kibiashara, na jumla ya maamuzi hayo ni watoto watatu waliokufa. Katika onyesho la mwisho anawalipa wakulima wamzike Kattrin. Helene Weigel, aliyeigiza Courage Berlin mwaka 1949, alikuwa akizitoa sarafu mkobani, anazitazama, anarudisha moja, kisha anatoa zilizobaki. Kitendo kidogo kama hicho kinaeleza nadharia ya Brecht kuliko kurasa kumi za maelezo juu ya tamthilia ya kiepiki, ile inayomtaka mtazamaji afikiri badala ya kuzama katika hisia.

Milango ya Beckmann

Beckmann ana miaka 25. Anarudi Hamburg baada ya miaka mitatu Siberia, bila pia ya goti moja. Nyumbani anamkuta mkewe na mwanamume mwingine; mtoto wao wa mwaka mmoja alikufa chini ya kifusi. Anajitosa Mto Elbe, na mto wenyewe, uliochorwa kama mama mzee mwenye mdomo mkali, unamtema ukingoni Blankenese, kwa kuwa ni mchanga mno kuacha kuishi. Kutoka hapo anakwenda mlango hadi mlango, akifuatwa na mhusika aitwaye Mwingine, anayemsihi kila mara aendelee mbele.

Hapa safu zako ziwe: mlango, anachoomba, namna anavyokataliwa. Msichana anamchukua kwake na kumvika koti la mumewe aliyepotea vitani, kisha mume anatokea kwa magongo, mguu mmoja, naye aliupoteza mguu huo kwa amri ya Beckmann. Mkurugenzi wa kabareti anasifia ukweli katika sanaa, ilimradi ukweli huo usisikike jukwaani mwake. Bi Kramer tumekwisha kumsikia.

Mlango wa kanali, onyesho la 3, ndio kiini. Familia imo mezani inakula. Beckmann amekuja kurudisha kitu: jukumu. Karibu na Gorodok kanali alimkabidhi watu 20 wakapeleleze msitu, na 11 hawakurudi. Sasa usiku jamaa zao wanamjia usingizini kumdai wapendwa wao. Ndotoni anamwona pia jenerali mnene, anayevuja jasho la damu, akipiga zilafoni kubwa iliyotengenezwa kwa mifupa ya binadamu. Kwa kuwa kanali alimkabidhi jukumu, na aupokee mzigo wake, Beckmann apate kulala. Tena anamuuliza: wangu ni 11, wako wangapi? Elfu moja? Elfu mbili? Kanali anatatizika kidogo, halafu anapata njia ya kutoka: anacheka. Anaamua kuwa Beckmann ni mchekeshaji mzuri, anafaa jukwaani, na anamwambia achukue suti kuukuu. Beckmann anaondoka na mkate na chupa ya ramu.

Lisomwe mara mbili darasani. Mara ya kwanza kwa kawaida, mara ya pili msomaji wa kanali aambiwe acheke mapema zaidi, kabla Beckmann hajamaliza. Tofauti ya hisia itawapa wanafunzi hoja za insha bila kuwaandikia.

Usiruke orodha ya wahusika wala utangulizi. Mzika maiti aliyenenepa na anayecheua kwa shibe ni Kifo. Mzee anayelia ni Mungu ambaye hakuna tena anayemwamini. Hao ndio wanaotoa kipimo cha tamthilia nzima kabla Beckmann hajatamka neno.

Tahadhari moja kwa walimu: kujiua kumezungumzwa wazi tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Waambie wanafunzi mapema, na usimpangie mtu usomaji wa Beckmann bila kumuuliza.

Historia ya kujua kabla ya kuanza

Kwa Borchert inatosha saa moja: mabomu ya Hamburg ya Julai 1943, kuporomoka kwa Jeshi la Sita Stalingrad, wafungwa wa vita waliorudi kutoka Urusi, na zoezi la Washirika la kuwasafisha Wajerumani na Unazi.

Brecht anahitaji zaidi. Tengeneza ramani yenye Dalarna, Poland, Magdeburg, Ingolstadt, Lützen na Halle, na mstari wa miaka: vita vinaanza 1618, Magdeburg inatekwa na kuteketezwa Mei 1631, Tilly, jemadari wa Wakatoliki, anafariki Aprili 1632, Mfalme Gustav Adolf wa Sweden anauawa Lützen Novemba 1632, mkataba wa Westfalia unatiwa saini 1648. Mstari huo una faida moja kubwa. Tamthilia inaishia Januari 1636, Courage akiukokota mkokoteni peke yake nyuma ya jeshi, na mwanafunzi anaona kwa macho kwamba vita vina miaka 12 mbele yake.

Insha zinapoharibika

Kosa linalojirudia zaidi kwa Brecht ni kuandika kwamba mwishoni Courage anajifunza. Hajifunzi. Katika onyesho la 6 anavilaani vita, na katika onyesho la 7, biashara ikiwa imenoga, anavisifu tena. Maonyesho hayo mawili yasomwe kwa pigo moja. Kosa hili lina historia. Zürich mwaka 1941, Therese Giehse akiwa Courage, wengi walimwona mama mwenye uchungu asiyeshindwa na maisha, na magazeti yakaandika hivyo. Brecht hakuridhika, akarekebisha baadhi ya maonyesho ili ubiashara wake uonekane wazi. Shughuli ya bizimu inayomponza Eilif iliongezwa makali kwenye marekebisho hayo. Kwa hiyo taja toleo unalotumia, maana hoja juu ya onyesho la 1, la 5 au la 12 inaweza kuyumba ukichanganya matoleo.

Kosa la pili ni kubandika lebo ya "Verfremdung" (mbinu ya kumtenga mtazamaji na hisia ili afikiri) kila penye wimbo au kichwa cha onyesho kinachofichua matukio kabla hayajatokea. Mtahini anataka kujua kilichokatizwa: wimbo umeingia wakati gani, ni hisia ipi ilikuwa inapanda, na mtazamaji amelazimishwa kufikiri nini badala yake. Lebo bila maelezo hayo haileti alama.

La tatu ni kumchukua Eilif wa onyesho la 2 bila wa la 8. Kwanza anasifiwa na jemadari kwa kuwapora wakulima ng'ombe na kuwaua. Baadaye anafanya lilelile, tofauti ikiwa kwamba amani imetangazwa, na anauawa kwa hilo. Ukipunguza maonyesho kwa sababu ya muda, usitenganishe la 2 na la 8, wala la 6 na la 7.

Kwa Borchert, kosa kubwa ni kumfanya Beckmann kuwa Borchert. Mwandishi alipigana Urusi, akafungwa kwa maneno aliyosema dhidi ya utawala, akaugua ini, na mwaka 1945 akawatoroka Wafaransa na kutembea kilomita 600 hivi hadi Hamburg. Siberia hakufungwa. Alifariki Basel tarehe 20 Novemba 1947, akiwa na miaka 26, siku moja kabla ya tamthilia kupanda jukwaani. Kifo hicho kimewafanya wengi waisome kama wasia. Inagusa, lakini haitoshi kuwa hoja.

Kosa jingine ni kukubali kila asemacho Beckmann. Kumbuka mtu wa mguu mmoja: Beckmann naye ametoa amri, naye amesababisha vifo, na mwishoni anasimamishwa mbele ya mtu aliyemfikisha kwenye kifo. Anayebisha mlango na anayeufunga wanabadilishana nafasi. Ukiliruka hilo, tamthilia inabaki ya Wajerumani kujionea huruma, na lawama hiyo imewahi kutolewa kweli. Ina msingi: mauaji ya Wayahudi hayana nafasi humo isipokuwa katika maneno ya pembeni ya Bi Kramer, kwamba baba yake Beckmann alizidisha kidogo kuwachukia Wayahudi. Insha nzuri inaligusa hili bila kuogopa. Upande wangu wa mizani, ni udhaifu halisi wa tamthilia, na ni sababu mojawapo ya kutoifanya kuwa kitabu pekee cha Kijerumani kuhusu vita hivyo.

Kwa wanaotaka kuiigiza

Borchert anaweza kuigizwa na watu saba au wanane wanaogawana nafasi, katika chumba cha kawaida. Unahitaji miwani, koti la kijeshi lililochakaa, na mlango mmoja unaoweza kufungwa kwa kishindo. Miwani ndiyo isiyokosekana: fremu ya chuma ya kijivu inayofungwa kwa utepe nyuma ya masikio, kwa hiyo waya mwembamba na utepe wa kitambaa vinatosha. Wahusika wote wanaishangaa, hivyo ya plastiki ya kisasa itavunja mistari mingi. Zingatia sauti: magongo ya mtu wa mguu mmoja, maji ya Elbe, milango. Ukumbi ukikosekana, fanya usomaji wa kipaza sauti. Utakuwa umeirudisha redioni, ambako Hans Quest alikuwa sauti ya kwanza ya Beckmann.

Brecht anakuletea mkokoteni, na matatizo yake. Uweze kukokotwa na watu wawili onyesho la 1 na mmoja tu onyesho la 12, uchakae hatua kwa hatua, na bidhaa zinazoning'inia zibadilike: zijae na kung'aa onyesho la 7, ziwe matambara kuanzia la 9. Pima mlango wa ukumbi kabla fundi hajakata mbao. Kuna waliojikuta wakiubomoa usiku wa kuamkia onyesho. Taa ziwe nyeupe na kali. Taa za rangi na ukungu huirudisha kwenye maombolezo. Nyimbo za Paul Dessau si za kuokota kwa sikio, midundo yake haitulii, na sauti ya "piano ya gitaa" aliyoitaka ilipatikana kwa kuchomeka pini kwenye nyundo za piano. Bila mpiga kinanda wa uhakika na wiki sita za mazoezi ya nyimbo pekee, usianze.

Muda, na jambo la tasnifu

Kwa vipindi vya dakika 90, Borchert anamalizika kwa vipindi sita: orodha ya wahusika, utangulizi na ndoto, onyesho la 1 na la 2, la 3 peke yake, la 4, nusu ya kwanza ya la 5, kisha mwisho wake, ambapo Beckmann anabaki akipiga kelele kuuliza kama hakuna hata mmoja wa kumjibu, pamoja na kusikiliza mchezo wa redio. Brecht anataka vipindi kumi hadi kumi na mbili. Filamu ya 1961 ya DEFA, studio ya filamu ya Ujerumani Mashariki, Weigel akiwa Courage, itazamwe baada ya kusoma. Ikitangulia, wanafunzi wataandika insha kuhusu Weigel.

Kwa anayeandika tasnifu Afrika Mashariki au kuhusu Kongo, Brecht ana malighafi zaidi. Lynn Nottage alianza na wazo la kuihamishia Courage Kongo, akaenda Uganda mwaka 2004 kuzungumza na wanawake wakimbizi, na kilichozaliwa ni *Ruined*, iliyopata tuzo ya Pulitzer 2009. Mama Nadi, mwenye baa katika mji wa machimbo, anawahudumia askari wa serikali na waasi kwa meza ileile. Hapo kuna ulinganisho wenye miguu. Kuna pia Ebrahim Hussein, aliyefanya udaktari wake Chuo Kikuu cha Humboldt, Berlin Mashariki, juu ya ukuaji wa tamthilia Afrika Mashariki, ingawa kumweka Kinjeketile kando ya Courage kunahitaji uangalifu. Vita vya Maji Maji katika tamthilia yake ni vya kujikomboa, na anayekwenda na swali la "kupinga vita" atalazimisha majibu.

Haki na bei

Borchert amevuka miaka 70 tangu kifo, hivyo Ujerumani maandishi yake ni mali ya umma tangu 1 Januari 2018. Nakala ya karatasi ni ya Rowohlt, toleo la mfukoni lenye hadithi fupi na neno la Heinrich Böll. Brecht alifariki 14 Agosti 1956, kwa hiyo haki zake Ujerumani zinadumu hadi mwisho wa 2026, na ruhusa ya kuigiza huombwa Suhrkamp, wachapishaji wa nakala ya kawaida (edition suhrkamp, namba 49). Hata baada ya hapo muziki wa Dessau, aliyefariki 1979, utaendelea kulindwa hadi mwisho wa 2049, na kila tafsiri ina haki za mfasiri wake. Sheria ya nchi yako inaweza kuwa na miaka tofauti; iangalie kabla ya kutoza kiingilio.

Kama bado unasita, tenga dakika arobaini. Soma kwa sauti utangulizi wa Borchert, kisha kurasa tano za kwanza za Courage, na weka alama ya penseli kila mahali uliposimama. Alama zikiwa nyingi kwa Brecht kwa sababu ya maneno usiyoyajua, anza na Borchert muhula huu. Zikiwa nyingi kwa sababu ulitaka kubishana na sajenti na msajili wanaodai kwamba bila vita hakuna utaratibu, nunua Brecht.